Nimepima mara tatu, nimeandika jibu moja

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, mkazi wa Mbagala, na ni mdhibiti ubora katika kiwanda cha kukoboa na kusaga mahindi hapa Dar es Salaam. Nina shahada ya sayansi na teknolojia ya chakula. Kazi hii niliipata mwaka mmoja na miezi minne iliyopita kwa msaada wa mjomba wangu, ambaye ni rafiki wa miaka mingi wa msimamizi wa uzalishaji kiwandani kwetu. Mjomba huyo ndiye aliyenilipia ada tangu kidato cha tano baada ya baba kufariki, na sasa mdogo wangu anasoma chuo kwa mshahara wangu. Nayaeleza haya mwanzoni ili uelewe kwa nini nimekaa kimya kwa wiki tatu.

Wiki tatu zilizopita tulipokea lori la mahindi tani 30 kutoka mikoani. Kwa macho hayakuwa mabaya, ila unyevu ulisoma asilimia 14.2 wakati mwisho unaoruhusiwa ni 13.5. Nilichoma magunia kadhaa kwa bambo, kile chuma cha kutolea sampuli ya nafaka, nikasaga sampuli na kupima sumukuvu (aflatoksini) kwa vijiti vyetu vya kipimo cha haraka. Jibu lilikuwa maikrogramu 23 kwa kilo, na kiwango cha juu kinachokubalika ni 10. Nilimpelekea msimamizi. Hakunifokea hata kidogo. Alinieleza kwa upole kwamba sumukuvu haikai sawasawa ndani ya mzigo, kwamba huenda bambo limeangukia penye punje mbovu, na kwamba nichukue sampuli nyingine. Nilichukua, nikapata 17. Akasema nirudie tena, safari hiyo nichukue kwenye yale magunia ya juu yaliyo makavu. Nikapata 8. Akaniambia, "Umeona, mwanangu? Hilo ndilo jibu." Niliandika 8 kwenye daftari, nikaandika 8 kwenye fomu ya kuruhusu mzigo, nikasaini. Kikaratasi nilichoandikia 23 na 17 nilikikunja nikakitia kwenye pochi, na kimo humo mpaka leo.

Unga wa mahindi hayo umeshaingia sokoni, isipokuwa viroba 180 vya kilo 25 ambavyo bado viko ghalani. Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa jirani yangu, mama mwenye mtoto wa miezi tisa, nikamkuta anakoroga uji. Mfuko wa unga ulikuwa wa kwetu, ule wa kilo tano. Niliugeuza nikasoma namba ya toleo, na ilikuwa namba yangu. Sikusema neno, nikaaga nikaondoka.

Juzi limeingia lori jingine, sumukuvu ikasoma 14, na nimeambiwa nirudie. Nimejibu kwamba vijiti vimekwisha. Huo ni uongo, vipo kabatini, na msimamizi amesema vingine vitanunuliwa Jumatatu.

Naomba unisaidie. Kama ni kweli kwamba sumukuvu haikai sawasawa, je, jibu la tatu ni uongo au ni jibu kama mengine? Nikisema, nitamweka wapi mjomba? Au niandike barua ya kuacha kazi, niondoke kimya kimya? Na jirani yangu nimwambie nini?

Binti wa Mbagala

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu kabla ya kuandika safu hii nilifanya kazi katika maabara ya chakula kwa miaka mingi, na ninaijua ile sauti ya upole iliyokuambia urudie kipimo. Mtu akikufokea unajua kwamba unalazimishwa, lakini akikueleza sayansi taratibu na kukuita mwanangu, unaanza kuamini kwamba unafundishwa, na mkono unasaini kabla moyo haujakubali.

Nianze na swali lako la kwanza, maana mengine yote yanalitegemea. Msimamizi wako alisema jambo la kweli. Kuvu wanaotengeneza sumu hii, hasa wale wa jamii ya Aspergillus, hawaingii katika kila punje. Punje zilizopigwa na ukame shambani, zilizotobolewa na wadudu au zilizohifadhiwa kabla hazijakauka ndizo hubeba sumu, na punje moja inaweza kubeba nyingi sana huku zilizoizunguka zikiwa safi kabisa. Kwa hiyo tofauti kubwa kati ya jibu na jibu hutokana na namna sampuli ilivyochukuliwa, kuliko kijiti chenyewe au mkono wa mpimaji. Lakini fuata ukweli huo mpaka mwisho, mwanangu, usiuachie njiani pale alipouachia yeye. Kama sumu imejificha ndani ya punje chache, basi sampuli ndogo ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuzikosa punje hizo kuliko kuzikuta, na ndiyo maana katika kipimo hiki jibu la chini ndilo linalostahili kutiliwa shaka kwanza. Hoja aliyoitumia kulifuta jibu la 23 ndiyo hasa inayolidhoofisha jibu la 8.

Kuna hesabu ndogo ambayo ningependa uifanye. Chukua mzigo ambao kila ukiupima una nafasi ya nusu kwa nusu ya kusoma chini ya kiwango, kama sarafu inayorushwa. Ukiupima mara moja, nafasi ya kupita ni nusu. Ukijipa ruhusa ya kupima mara tatu na kuchukua jibu lolote litakalopita, nafasi ya kupita inakuwa saba kwa nane, ingawa mahindi hayajabadilika hata punje moja. Wala hapo bado hatujahesabu kwamba sampuli ya tatu ilichukuliwa kwenye magunia makavu yaliyochaguliwa kwa makusudi, yaani ilikuwa sampuli ya magunia hayo tu na haikuwa ya mzigo. Ukiyaweka majibu yako matatu pamoja, wastani wake ni 16. Hata ukimhurumia mtu kwa kiasi gani, 16 haiwi 8.

Ujiulize pia swali hili, ambalo kwangu limekuwa kipimo cha uaminifu wa maabara yoyote niliyoingia: umewahi hata siku moja kuambiwa urudie kipimo kilichosoma 6? Kama marudio yanaagizwa tu pale jibu linapomuumiza mwenye mali, hayo si marudio ya kisayansi. Kurudia kipimo si kosa. Kosa ni kuamua kurudia baada ya kuliona jibu na kulichukia. Utaratibu wa kurudia unapaswa kuandikwa mapema, ukieleza ni magunia mangapi yachomwe, juu, katikati na chini ya mzigo, sampuli zote zichanganywe na kusagwa pamoja kabla ya kutoa kile kidogo cha kupimwa, na kwamba majibu yanapotofautiana yote yataandikwa na yote yatahesabiwa. Kiwandani kwenu inaelekea utaratibu huo haupo, au upo kwenye faili tu. Ukiuomba uandikwe na utiwe saini na mwenye kiwanda, utakuwa umewafanyia wenzako watakaokuja baada yako jambo kubwa kuliko kipimo chochote cha siku moja.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: namba 8 yenyewe si uongo, kwa kuwa kijiti kilisoma 8. Uongo ni ile fomu, kwa sababu inamwambia msomaji kwamba mzigo ulipimwa ukaonekana salama, wakati wewe mwenyewe ulikuwa na majibu mawili kwenye pochi yanayosema sivyo. Nalisema wazi kwa sababu umeniuliza kwa uwazi. Ulikosea, na aliyekuagiza amekosea zaidi yako, lakini kosa lake halifuti lako. Saini ile ni yako.

Kikaratasi hicho usikitupe. Katika kazi yetu kumbukumbu ya awali haifi. Kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, ISO/IEC 17025, kinataka taarifa ya kwanza na iliyorekebishwa zitunzwe zote mbili, pamoja na tarehe ya marekebisho na jina la aliyeyafanya. Hata kama maabara yenu haina ithibati, utaratibu ni huo huo. Usichane ukurasa, usipake rangi nyeupe, wala usiandike majibu ya zamani kana kwamba yaliandikwa siku ile, maana hapo utakuwa umeghushi mara ya pili ukidhani unatubu. Fungua ukurasa wa leo, andika tarehe ya leo, kisha eleza kwamba mzigo fulani wa tarehe fulani ulipimwa mara tatu, majibu yalikuwa 23, 17 na 8, majibu mawili ya kwanza hayakuandikwa, na sampuli ya tatu ilichukuliwa kwenye magunia yaliyochaguliwa. Saini. Bandika kikaratasi hapo, baki na picha yake. Na kama sampuli za akiba bado zipo, ziandike majina, zifunge, uziweke pakavu palipo na kufuli.

Hapa niseme neno kuhusu madaftari kwa jumla, ingawa hukuniuliza. Nimewahi kupitia kumbukumbu za sehemu moja ambamo kwa miezi mingi hapakuwa na mzigo hata mmoja uliokataliwa, na majibu yalikuwa 9, 8, 9, 9, 8, yamejipanga chini kidogo tu ya kiwango. Mahindi ya Mungu hayaji hivyo. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya simu huko Marekani, alichora chati ya kwanza ya udhibiti ili kutenganisha mabadiliko ya kawaida na yale yenye sababu ya kutafutwa, na mkaguzi yeyote anayejua kusoma chati hiyo ataliona daftari la aina hii kuwa limepikwa hata kabla hajagusa gunia. Mdhibiti anayedhani analificha kosa anaacha alama kubwa kuliko kosa lenyewe.

Sasa tuzungumze madhara, na hapa sitaki nikutishe kupita kiasi. Kiasi ulichokipata hakimwangushi mtu kesho. Mwaka 2016 sumukuvu ilipozuka Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 walifariki. Mwaka 2004 Kenya ilishuhudia wagonjwa 317 na vifo 125. Lakini katika milipuko ya namna hiyo sumu huwa nyingi mara nyingi zaidi ya ile uliyoipima. Sumu ndogo hufanya kazi yake taratibu, kwenye ini, kwa miaka, na humuumiza zaidi mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa watoto wadogo imehusishwa pia na kudumaa. Kupika hakusaidii, kwa kuwa moto wa ugali na wa uji hauiui. Kwa sababu haina harufu na haiangushi mtu hapo hapo, hakuna mlaji atakayerudi kiwandani kulalamika, na muuza duka hatajua, na daktari atakayemwona mgonjwa miaka 20 baadaye hataweza kuutaja mfuko wenu. Katika mnyororo mzima, kutoka shambani mpaka sufuriani, mtu pekee aliyeiona sumu hiyo ni wewe. Ndiyo sababu kuna kazi inayoitwa udhibiti ubora.

Msimamizi wako atakuambia kwamba ulipima mahindi, hukupima sembe, na kwamba kukoboa huondoa sehemu kubwa ya sumu. Nayo pia ni kweli, na inawezekana unga ulioko madukani una kiasi kidogo kuliko ulichokipata. Lakini hakuna aliyeupima, na kuwezekana si kuthibitika. Viroba 180 vipo. Vichukuliwe sampuli kwa utaratibu kamili, zipelekwe maabara yenye ithibati nje ya kiwanda, na jibu litakalotoka liwe la mwisho. Muulize vilevile pumba zilikwenda wapi, kwa sababu sumu iliyotoka kwenye sembe haikupotea, imehamia humo. Wafugaji wengi wa kuku na ng'ombe jijini hapa wanalisha pumba, na ng'ombe anayelishwa pumba zenye sumu huitoa sehemu yake kwenye maziwa. Kwa hiyo atakapopendekeza kwamba mzigo wa 14 uuzwe kwa watengeneza chakula cha mifugo, usione kuwa mmepata njia ya amani. Akipendekeza uchanganywe na mahindi safi ili wastani ushuke, nalo likatae. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeukataza mchanganyo wa aina hiyo kisheria, kwa sababu unachafua chakula kizuri ili kukiokoa kibaya.

Jumatatu basi. Kabla ya yote, ufute uongo wa vijiti. Mwambie msimamizi, kwa adabu na mkiwa wawili, maneno kama haya: "Mzee, nisamehe, nilikudanganya. Vijiti vipo. Sikutaka kurudia kipimo kwa namna tuliyofanya mara ya kwanza, na sitarudia kwa namna hiyo." Usimtukane, usimhubirie. Kisha mkabidhi barua ambayo nakala yake inakwenda kwa mwenye kiwanda siku hiyo hiyo, uandike mambo matatu tu: majibu yote matatu ya mzigo wa kwanza na namba ya toleo lake, ombi la kuzuia viroba 180 na lori la pili mpaka maabara ya nje itoe jibu, na ombi la kuamua kwa maandishi kuhusu kuurudisha unga ulioko madukani. Baki na nakala iliyogongwa mhuri au iliyosainiwa kupokelewa. Usiandike nani ni mwovu. Namba zako zinatosha.

Natumaini mwenye kiwanda atakusikiliza, kwa kuwa wenye mali wengi hawajui kinachofanyika kwenye chumba cha vipimo, na hasara ya viroba 180 ni ndogo mbele ya hasara ya jina. Kuna kisa ambacho kila mdhibiti angepaswa kukijua. Mwaka 2008 na 2009 huko Marekani, siagi ya karanga na bidhaa nyingine za karanga kutoka kampuni moja ziliwaambukiza salmonela, yaani bakteria wa kuharisha, watu zaidi ya 700, na 9 walifariki. Ilibainika kwamba mizigo ilikuwa inasafirishwa na vyeti vya vipimo ambavyo havikuwa vya kweli. Mwaka 2015 mkuu wa kampuni alihukumiwa kifungo cha miaka 28, lakini pamoja naye alihukumiwa meneja wa ubora, mwanamke aliyekuwa mwajiriwa kama wewe, miaka 5 kwa kosa la kuzuia uchunguzi. Kuwa mwajiriwa tu hakukumkinga.

Akikataa, au zikapita siku mbili tatu za kazi bila jibu huku unga unapakiwa, nenda Shirika la Viwango Tanzania, pale Ubungo. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umekuwa chini ya shirika hilo, baada ya mamlaka ya zamani ya chakula na dawa kubadilishwa na kubaki na dawa na vifaa tiba. Peleka nakala, si maneno matupu. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayomlinda kutokana na kisasi mtu anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka inayohusika. Nisisitize hapo: kwa mamlaka inayohusika. Usianzie kwenye makundi ya WhatsApp wala kwa waandishi wa habari, kwa sababu huko utapoteza kinga, utaanika na siri za biashara ambazo kweli una wajibu wa kuzitunza, kama bei za wauzaji na orodha za wateja, na utazua hofu juu ya unga wa kila kiwanda, hata wa wale wanaofanya kazi kwa haki. Wakikuachisha kazi kwa sababu hii, umeshapita miezi sita kazini, kwa hiyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakuruhusu kulalamikia uachishwaji usio wa haki mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usichelewe, muda ni siku 30 tangu kuachishwa. Inawezekana pia wakakupa onyo kwa saini yako ile ya kwanza. Likija, lipokee, onyo hilo utakuwa umestahili, na ni tofauti na kufukuzwa kwa kusema kweli.

Kuacha kazi kimya kimya sikushauri. Utaondoka na kikaratasi kwenye pochi, unga utabaki ghalani, na Jumatatu inayofuata kiti chako atakalia binti mwingine asiyejua lolote.

Kuhusu mjomba, najua hapa ndipo moyo wako unapouma, kwa kuwa kwetu mtu aliyekushika mkono ulipofiwa si mtu wa kumrudishia aibu. Nenda kwake Jumapili, kabla ya barua. Usiende kumwomba ruhusa, kwa sababu ukimwomba ruhusa utakuwa umemtwika mzigo ambao si wake, na akikukataza utajikuta unavunja neno la mzazi pamoja na mengine yote. Nenda kumpa taarifa ili asisikie kwa rafiki yake kwanza, jambo ambalo lingemuumiza zaidi. Mwonyeshe kikaratasi. Mwambie kwamba rafiki yake hukumchafua popote, kwamba umeandika namba tu, na kwamba kesho hata yeye mjomba akinunua unga dukani atataka aliyeupima awe amesema alichokiona. Anaweza kukasirika. Mpe nafasi ya kukasirika, usijibizane, na urudi tena baada ya siku chache kumsalimia kama kawaida. Alikuombea nafasi ya kazi kwa sababu aliamini umesoma na unaijua, na ada ile aliilipa ili uijue. Sidhani kama mzee wa namna hiyo, akishapoa, atasema alikusomesha ili usaini anachokuambia mtu mwingine. Nikikosea juu yake nitasikitika pamoja nawe, ila ushauri wangu hautabadilika.

Imebaki habari ya jirani, na hii usiingojee Jumatatu. Nenda leo jioni. Beba mfuko mwingine wa unga, wa toleo tofauti au wa kiwanda kingine, umwambie kwamba unaushuku ule alionao na unaomba mbadilishane. Akiuliza zaidi, mwambie kwamba mahindi ya unga huo yalipimwa na majibu hayakukuridhisha, na kwamba umeshaanza kulishughulikia kazini. Usimtajie majina, wala usimwambie uongo. Mfuko wake ufunge vizuri, uandike tarehe na mahali ulikotoka, uutunze pamoja na sampuli zako, kwa kuwa huo ni unga wenyewe uliofika kwa mlaji. Mliwaze kuhusu mtoto: uji wa siku chache wenye kiasi hicho haumdhuru mtoto ghafla, hatari iko katika kuunywa mwezi baada ya mwezi. Lakini mkiona macho yake yamekuwa ya njano, tumbo limevimba, au anatapika na kulegea, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, na wewe ufuatane naye, ili daktari aelezwe habari ya unga na mtu anayeijua namba yake.